Abushiri bin Salim: Mwenye shamba wa Pangani aliyekataa wageni waamue mali ni ya nani

Anayetoka Ushongo kwenda Pangani mjini hana budi kuvuka mto. Kivuko humchukua Bweni, upande wa kusini, na kumshusha ng'ambo kwenye mji wa zamani ambao nyumba zake za mawe na chokaa zimebanana karibu na maji, baraza kwa baraza, kana kwamba zinanong'onezana.

Katika mji huo, Desemba 15, 1889, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim al-Harthi.

Wanafunzi wengi wa Tanzania wamejifunza jina lake shuleni kama kiongozi wa vita vya kupinga ukoloni katika pwani. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba, kabla ya kuwa mpiganaji, Abushiri alikuwa mnunuzi wa ardhi na mwenye shamba, na kwamba miongoni mwa mambo yaliyowasha moto wa mwaka 1888 lilikuwamo swali ambalo hata leo huwanyima watu usingizi: nani mwenye mamlaka ya kusema nyumba hii ni ya fulani?

Abushiri alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, katika ukoo wa Al-Harthi, mmoja wa koo za Waarabu waliotangulia kufika pwani na ambao mara kwa mara ulikwaruzana na watawala wa Zanzibar wa ukoo wa Al-Busaidi. Ugomvi huo wa wakubwa aliurithi tangu tumboni, na haukumtoka hadi kufa.

Ujana wake aliumalizia barani. Aliongoza misafara ya kutafuta pembe za ndovu na kushiriki katika vita vya Unyamwezi. Aliporudi pwani akiwa na faida mkononi, alifanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote wa zama hizo angefanya: alinunua shamba Pangani na kupanda miwa.

Hakukosea kuchagua mahali. Bonde la Mto Pangani lilikuwa na rutuba, na mji wenyewe ulikuwa lango la misafara iliyotoka Usambara, Kilimanjaro na Umasaini. Sukari na asali ya miwa vilipakiwa katika majahazi na kupelekwa Zanzibar na hata Uarabuni.

Mji uliishi kwa biashara hiyo. Ndani ya eneo dogo walikaa majumbe wa Kishirazi waliojiona wenyeji wa asili, Waarabu wenye mashamba, Wahindi wenye maduka na fedha za kukopesha, Wazigua na Wabondei waliokuja kuuza na kununua, na watumwa ambao jasho lao ndilo lililoendesha vinu vya miwa.

Nyumba ya mawe katika mji wa namna hiyo ilikuwa zaidi ya mahali pa kulala. Ilikuwa cheti cha uungwana. Aliyekuwa nayo alihesabiwa kuwa mtu wa mji. Asiyekuwa nayo alijitahidi aipate, au walau mjukuu wake aipate.

Umiliki nao ulikuwa na taratibu zake. Mauzo yaliweza kuandikwa mbele ya kadhi, lakini nguvu kubwa ilikuwa katika ushahidi wa majirani, ambao walijua nani alijenga, nani alirithi na nani aliweka rahani. Katika mitaa iliyobanana kiasi hicho ilikuwa vigumu kuuza nyumba kwa siri. Mtaa wenyewe ulikuwa daftari.

Utaratibu huo, hata hivyo, haukuwa bila machungu. Mashamba mengi yaliwekwa rahani kwa wakopeshaji wa Kihindi, na mwenye shamba aliyesifiwa barazani aliweza kuwa na madeni yaliyomzidi kimo. Abushiri mwenyewe alikuwa na madeni pamoja na uhasama na Sultani, na kwa miaka mingi alijiepusha kwenda Zanzibar kwa kuhofia kukamatwa. Alijitegemea katika shamba lake, akilindwa na watu wake mwenyewe.

Mambo yaligeuka Aprili 28, 1888. Siku hiyo Sultani Khalifa bin Said, aliyekuwa ametawazwa mwezi mmoja tu uliotangulia, alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kutawala pwani kwa niaba yake kwa miaka 50, kuanzia Mto Umba hadi Mto Ruvuma, pamoja na kukusanya ushuru wa forodha.

Mkataba huo ulianza kutekelezwa katikati ya Agosti. Kampuni ilitoza kodi mpya na kuwaagiza wenye ardhi na majengo waandikishe mali zao na kuthibitisha kwamba ni zao. Ardhi isiyo na mwenyewe ingekuwa chini ya kampuni.

Kwa karani aliyelelewa Ulaya agizo hilo lilikuwa jambo la kawaida. Kwa mtu wa Pangani lilikuwa msiba. Nyumba aliyojenga babu yake, ambayo majirani wote waliijua, sasa ilihitaji kukubaliwa na mgeni aliyeshuka melini jana. Ambaye hakuwa na karatasi alijiona amekwisha kupoteza mali kabla hata ya kesi kusikilizwa.

Mwakilishi wa kampuni mjini Pangani, Emil von Zelewski, aliongeza chumvi kwenye kidonda. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, naye liwali, aliyekuwa mtumishi wa Sultani, akakataa. Askari wa majini wakateremshwa kutoka manowari ya Kijerumani. Inasimuliwa kwamba waliingia msikitini na viatu vyao, tena wakiwa na mbwa, katika siku za sikukuu ya kuchinja.

Mapema Septemba mji uliinuka. Waliotangulia hawakuwa Abushiri na watu wake, bali wakazi wa mjini pamoja na watu waliokuja na misafara. Zelewski na wenzake walizingirwa ndani ya nyumba, wakaokolewa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sultani. Naye Mathews hakukaa sana, kwani wenyeji walimwona kuwa mjumbe wa Sultani aliyewauza.

Hapo ndipo Abushiri alipojitokeza. Uhasama wake wa zamani na Zanzibar, ambao kwa miaka ulikuwa aibu ya mdaiwa anayejificha, sasa uligeuka kuwa sifa. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumpigia Sultani magoti, wakati ambapo mji mzima ulijiona umeuzwa na Sultani.

Vita vilienea Tanga, Saadani, Bagamoyo, Kilwa na Lindi. Abushiri aliwakamata wasafiri wawili wa Ulaya, Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, na kuwaachia baada ya kulipwa fidia ya maelfu ya rupia. Mwaka uliofuata Meyer huyohuyo akawa Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Kibo.

Serikali ya Ujerumani iliona kampuni imeshindwa. Januari 1889 bunge la nchi hiyo liliidhinisha mark milioni mbili, na Hermann von Wissmann akapewa kazi ya kuunda jeshi. Alikusanya askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji.

Mei 8, 1889 jeshi hilo liliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Yeye aliponyoka na kwenda bara, akashambulia kituo cha Mpwapwa. Julai ikawa zamu ya Pangani kupigwa mizinga na kutekwa. Nyumba zilizokuwa fahari ya mji zikawa shabaha ya makombora.

Abushiri alijaribu tena Oktoba, safari hii akiwa na wapiganaji wa Wambunga, akashindwa. Washirika walimwacha mmoja baada ya mwingine. Desemba alikamatwa akiwa mkimbizi na kukabidhiwa kwa Wajerumani, kisha akaletwa Pangani. Alinyongwa katika mji uleule ambako alinunua shamba lake.

Zelewski naye hakuishi muda mrefu. Aliuawa na Wahehe huko Lugalo Agosti 17, 1891.

Haitakuwa haki kumfanya Abushiri malaika. Shamba alilolipigania lililimwa na watumwa, ambao wenyewe walihesabiwa kuwa mali na hawakuulizwa na yeyote kuhusu hati. Uhuru alioutetea ulikuwa kwanza uhuru wa wenye nyumba na wenye mashamba.

Hata hivyo, hofu ya watu wa Pangani haikuwa ndoto. Mwaka 1890 Ujerumani ilikubali kumlipa Sultani mark milioni nne ili aiachie pwani kabisa. Novemba 26, 1895 ikatolewa amri iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola la Ujerumani. Waliodai kumiliki walitakiwa kuthibitisha. Kilichokataliwa kwa bunduki mwaka 1888 kilirudi kwa kalamu.

Leo sheria za ardhi za mwaka 1999 zinatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na kwamba haki ya kuitumia kwa desturi ina uzito sawa na ile yenye hati ya serikali. Kwa maneno mengine, ushahidi wa majirani umerudishiwa heshima yake kisheria.

Lakini somo la Pangani bado ni lilelile. Katika pwani inayoanzia Ushongo hadi mitaa ya zamani ya mji, ambako viwanja vina wateja kutoka mbali na nyumba za mababu zina warithi wengi, anayenunua bila kuwauliza majirani anajitafutia kesi, na anayerithi bila kuandika anawaachia wanawe kitendawili.

Abushiri alikufa akiamini kwamba neno la mtaa linatosha. Historia ilionyesha kwamba neno la mtaa lisipowekwa kwenye karatasi na watu wa mtaa wenyewe, atakuja mtu mwingine aliandike atakavyo.