Patrick Putnam, mwenye hoteli ya Epulu

Tukisema Epulu, wengi wetu tunawaza okapi. Lakini zamani, mbele hifadhi haijakuwa, wasafiri walikuwa wanalala pale kwa Mmarekani mmoja, Patrick Putnam.

Alizaliwa mwaka 1904, akasoma Harvard, na akafika Kongo mwaka 1927 kuchunguza maisha ya watu. Msitu wa Ituri ukamshika. Alitibu watu kwa niaba ya Msalaba Mwekundu, halafu miaka ya 1930 akajenga kambi kando ya mto Epulu: hoteli, dispansere na wanyama wachache wa kuonyesha.

Lakini hakuifanya peke yake. Serikali ya Wabelgiji ndiyo ilifungua barabara iliyoleta wageni. Wanakijiji walijenga na kupika. Bambuti ndio waliwaingiza wageni msituni; bila wao mgeni haoni kitu. Mwaka 1952 serikali nayo ikaweka Epulu kituo cha kukamata okapi.

Mwishoni ugonjwa wa mapafu ulimtesa, akawa mkali, watu wakaanza kumkimbia. Alikufa Desemba 1953, na hoteli haikudumu nyuma yake.

Hifadhi ya Okapi ilizaliwa mwaka 1992, chini ya ICCN. Mwaka 2012 wenye silaha walivamia Epulu, wakaua watu na okapi wa kituo. Vita imefukuza watalii. Siku watarudi, tukumbuke kambi ile: barabara, hoteli, walinzi na Bambuti wanategemeana, na anayemwongoza mgeni msituni naye anapaswa kula.