Tom Mboya, Mtafuta Karo

Ukiteremka tao kutoka Kangemi, Kawangware au Dagoretti, ukapitia Moi Avenue, lazima umeiona sanamu ya Tom Mboya. Vijana wetu huambiana wakutane hapo. Tom Mboya Street nayo wanaijua kwa matatu na kelele za makanga. Wazee wakimtaja, wanaanza na siasa. Juma hili tuiache siasa pembeni kadiri inavyowezekana (haiwezekani kabisa) tumwangalie kama mtoto wa watu, kaka, mume na baba. Alikuwa Mkatoliki, sisi ni Wapentekoste. Hilo lisikufanye ufunge ukurasa.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, upande wa Thika, katika shamba la mkonge la mzungu. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mtu wa Kisiwa cha Rusinga aliyekuja kutafuta kibarua, akawa nyapara hapo shambani. Kwa hiyo Tom alikulia mbali na kwao, akicheza na watoto wa Kikamba na Kikuyu, na lugha zao akazijua kama yake. Alisoma Kabaa, Ukambani, akapelekwa St Mary's Yala, kisha Mang'u. Kichwa alikuwa nacho. Pesa ndizo hazikuwepo. Mwaka wa 1947 akatoka Mang'u kabla ya kufanya mtihani wa Cambridge, kwa sababu mshahara wa nyapara haungeweza kumsomesha yeye na wadogo zake pia.

Hapo ndipo wengi wetu tungekaa chini tulie. Kijana akatafuta mafunzo yasiyodai karo. Akayapata hapa hapa kwetu, Kabete, katika Jeanes School, mahali ambapo leo ni Kenya School of Government pale Lower Kabete. Alisomea ukaguzi wa afya kuanzia 1948. Haikuwa ndoto yake, lakini ingempa kazi, na kazi ingewasaidia wale wadogo nyumbani. Wewe uliye kifungua mimba unaelewa ninachosema. Kuna mshahara ambao hata kabla haujaingia mfukoni umeshagawanywa.

Mwaka wa 1951 akaandikwa kazi na baraza la jiji. Wakaguzi Waafrika walilipwa kidogo sana kuliko wazungu waliofanya kazi ile ile. Kuna siku alikuwa peke yake kwenye maabara, mama mmoja wa kizungu akaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu humo ndani. Mboya yuko mbele yake amesimama! Akamuuliza yule mama kama macho yake yana kasoro. Mambo kama hayo ndiyo yaliyomsukuma aanzishe chama cha wafanyakazi wa jiji, na kabla ya miaka mingi alikuwa akisemea wafanyakazi wa nchi nzima. Mwaka wa 1955, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye ndiye aliyekwenda kusaidia kupatanisha. Mwaka wa 1957 watu wa Nairobi wakamchagua kwenda baraza la kutunga sheria. Alikuwa na miaka 26.

Lakini jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote ni lile la ndege.

Mtu aliyeacha shule kwa kukosa karo alipofika Marekani hakuomba ya kwake. Alizunguka vyuo vikuu akiomba nafasi za kusoma kwa vijana wa Kenya. Serikali ya kikoloni haikupendezwa; iliona Makerere inatosha. Nafasi zikapatikana, ila nauli ikawa mlima. Rafiki zake Wamarekani, akiwemo Jackie Robinson aliyekuwa mchezaji wa besiboli, wakaandika barua za kuchangisha. Huku nyumbani, vijijini, watu wakauza mbuzi na kuku ili mtoto wa jirani apate nguo na senti za kuanzia maisha. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa safari zilizofuata. Wangari Maathai alikwenda katika kundi la 1960. Kufikia 1963 walikuwa wamevuka karibu 800.

Mmoja wa waliosomea kule alikuwa Pamela Odede. Binti huyu alikuwa tayari anajua siasa hugharimu nyumba: baba yake, Walter Odede, alikamatwa mwaka wa 1953 akakaa kizuizini kwa miaka. Alirudi na digrii yake, na tarehe 20 Januari 1962 akaolewa na Mboya hapa Nairobi. Wakafanya makao Lavington, wakajaliwa watoto. Mume sasa alikuwa waziri: kwanza wa Leba, halafu wa Sheria, halafu wa Mipango ya Uchumi. Hesabu mwenyewe mikutano, safari na simu za usiku, ujue watoto walibakiziwa saa ngapi za baba.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alikuwa ametoka Addis Ababa kwenye mkutano. Mchana, wakati maduka yanafungwa, akaingia kwenye duka la dawa la Chhani, Government Road, barabara tunayoiita sasa Moi Avenue. Mwenye duka alikuwa rafiki yake. Alinunua mafuta ya kupaka, akaaga. Pale mlangoni akapigwa risasi. Walimkimbiza Nairobi Hospital, lakini hakuna lililoweza kufanyika. Alibakisha wiki chache kutimiza miaka 39.

Mtu mmoja, Nahashon Njenga, alishtakiwa na kunyongwa mwaka ule ule, na maswali hayajaisha mpaka leo. Mji uligawanyika vibaya. Siku ya misa ya wafu pale Holy Family, moshi wa machozi ulifuka nje ya kanisa, na majirani waliokuwa wakiombana chumvi wakaanza kutazamana kwa kabila. Yule mtoto aliyelelewa kati ya Wakamba na Wakikuyu, na kuchaguliwa na Nairobi ya kila kabila, mazishi yake ndiyo yakatumika kutenganisha watu. Hilo linaniuma kuliko risasi yenyewe.

Walimzika Rusinga kwa baba yake. 

Pamela alibaki na watoto wadogo. Hakurudi nyuma. Aliwasomesha. Baadaye aliiwakilisha Kenya katika shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lile lenye ofisi zake Gigiri, na binti yao mmoja akawa jaji wa Mahakama Kuu. Mama alifariki Januari 2009, miaka arobaini kasoro miezi michache baada ya ile Jumamosi. Karo za miaka hiyo yote, nyumbani kwa mtafuta karo wa watu, alizibeba yeye.