Tom Mboya: Msee Aliyejua Venye Mdosi Hutolewa Kwa Kiti

Gor ikidondosha pointi mechi tatu mfululizo, ukiwa Kibera utajua hata kama hukuangalia mpira. Kwa kinyozi Makina, kwa kibanda cha chai Olympic, stegi ya namba 8, story ni moja: mwenyekiti aende nyumbani. Toka hapo uende Kawangware, ushuke mwisho wa 46, utapata wasee wa Ingwe wakiimba wimbo huo huo, jina la mwenyekiti tu ndilo limebadilika. Wachezaji hawajalipwa, kocha amefutwa, mdhamini amehepa. Mabango yanaandikwa, vuvuzela zinatolewa, watu wanatembea mpaka tao. Wiki mbili baadaye mdosi bado amekalia kiti, na ligi inaendelea.

Wakifika tao, mashabiki wa Gor hupenda kukusanyika kwa ile sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue. Watu hupanda hapo na skafu za kijani, wanapiga selfie, wanaimba. Lakini ukiuliza vijana kumi huyo jamaa alifanya nini hasa, wengi watakwambia tu aliuawa, na kwamba alikuwa handsome. Zote ni kweli. Ila kuna sehemu ya maisha yake ambayo mtu anayetaka kumtoa mwenyekiti angefaa kuijua kabla apulize vuvuzela: huyu msee alikuwa fundi wa kung'oa wadosi. Na siku ilifika ufundi huo ukamgeukia mwenyewe.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, upande wa Thika, kwa shamba la mkonge la mzungu aliyeitwa McMillan. Ndiyo, McMillan yule wa ile maktaba ya tao. Wazazi wake walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, na mzee wake alikuwa nyapara hapo shambani. Kwa hivyo mtoi alikua akisikia lugha kadhaa na akiona tangu asubuhi nani anatoa amri na nani anakata mkonge. Alisoma Kabaa, akaenda Yala, akamalizia Mang'u. Hakufika mwisho. Fees ilikatika, story unayoijua.

1948 akaingia chuo cha Jeanes, Lower Kabete, kusomea ukaguzi wa afya. Pahali penyewe si mbali na Kawangware, ni ng'ambo tu ya Waiyaki Way, pale siku hizi panaitwa Kenya School of Government. Akiwa huko wanafunzi walimchagua kiongozi wao. Alipomaliza, akaajiriwa na kanju ya Nairobi. Naam, Tom Mboya alikuwa mtu wa kanju! Kazi yake ilikuwa kupita akikagua maziwa, nyama, mitaro na hoteli. Mkaguzi mzungu alifanya kazi ile ile na kulipwa mara kadhaa zaidi yake.

Sasa hapa ndipo pa kuangalia vizuri. Wafanyakazi Waafrika wa kanju walikuwa na chama chao cha kunung'unikia. Walikuwa wanakutana, wanalalamika, wanarudi kazini. Mboya alipochaguliwa mwenyekiti wa hicho chama akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, hakuitisha maandamano. Alianza kuandikisha watu. Kila mtu alipe ada, kila mtu awe na jina kwa daftari, kila mkutano uandikwe. Kufikia 1953 kile kikundi cha kulia lia kilikuwa kimegeuka chama halali cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, chenye katiba na akaunti. Mdosi wa kanju angeweza kupuuza kelele. Daftari lenye majina na pesa lilikuwa ngumu kupuuza. Mwaka huo huo kazi ya kanju ikaisha, akabaki na ya chama.

Kumbuka hiyo ilikuwa enzi ya hali ya hatari. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku, Kenyatta yuko ndani, na Aprili 1954 wakoloni walizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil na kubeba maelfu kwa maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kubonga siasa ilikuwa tiketi ya kambi. Kitu pekee Mwafrika angeweza kuongoza waziwazi ni chama cha wafanyakazi, na Mboya tayari alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao, lile lililokuja kuitwa KFL. Kila akisema kuhusu mshahara alikuwa pia anasema kuhusu kufurushwa kwa watu mitaani. Wakoloni walijua, lakini karatasi zake zilikuwa sawa.

Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma, maelfu yao, bila mpango na bila msemaji. Hali ilikuwa noma, polisi mtaani, mizigo imekwama. Mboya alikuwa na miaka 24. Alishuka Mombasa, akasimama mbele ya umati wenye hasira akawaambia kitu ambacho hakuna mtu mwenye hasira hupenda kusikia: rudini kazini, kwanza tujue tunadai nini na nani atatusemea. Angezomewa. Lakini walimsikiza, kesi ikaenda mbele ya wapatanishi, na watu wa bandari wakapata nyongeza ya maana. Jina lake likawa kubwa nchi nzima kwa wiki moja.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Mwaka mmoja chuo cha Ruskin, Oxford. Ziara Marekani, ambako vyama vya wafanyakazi vilimpa dola 35,000 za kujengea KFL makao. Jengo la Solidarity bado liko karibu na Gikomba, na ndiyo nyumba ya COTU. Machi 1957 akagombea kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria na kumshinda wakili Argwings-Kodhek.

Halafu wakafanya jambo moja tamu sana. Waafrika waliochaguliwa mwaka huo walikuwa wanane tu. Serikali iliwatengea uwaziri, ile ya kuwanyamazisha. Wakakataa wote. Hawakupiga mtu mawe, walikataa tu kukalia viti, na bila wao katiba ya Lyttelton haingetembea. Kabla mwaka uishe, London ilikuwa imeitupa na kuleta nyingine. Hapa Nairobi, Mboya akaunda chama chake, People's Convention Party, chenye matawi mitaani, tawi la vijana na la akina mama. Walisusia mabasi, bia na sigara. Kampuni ikihisi kwa mfuko, inasikia haraka kuliko ikizomewa.

Yaliyofuata unayapata kwa vitabu vya shule: mkutano wa Accra Desemba 1958 akiwa mwenyekiti na miaka 28 tu, ndege za wanafunzi kwenda Marekani kuanzia 1959, sura yake kwa jalada la Time 1960, ukatibu mkuu wa KANU, harusi yake na Pamela Odede 1962, uwaziri mmoja baada ya mwingine. Suti zake zilikuwa moto wakati huo wote. Tusonge.

Maana upande wa pili wa hii story mashabiki wake huwa wanaruka. Mboya alipoingia kwa kiti, alianza kuona mambo kwa macho ya mwenye kiti. Akiwa waziri wa leba alisimamia mkataba wa 1962 kati ya waajiri, serikali na wafanyakazi, na mgomo wa ghafla ukawa mgumu kuliko zamani. 1965 serikali aliyokuwa ndani yake ilivunja mashirikisho ya wafanyakazi yaliyokuwa yanapigana, ikaunda COTU, na Rais akapewa neno la mwisho kuhusu nani awe katibu mkuu. Angalia hiyo vizuri. Njia ambayo kijana wa kanju alipitia kupanda ilikuwa sasa na geti, na ufunguo uko Ikulu.

Kisha Limuru, Machi 1966. Makamu wa rais wa KANU alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, mtu wa watu, na kumtoa kwa kelele isingewezekana. Kwa hivyo hawakumtoa. Walibadilisha katiba ya chama, kile kiti kimoja kikafutwa, vikawekwa viti vinane vya makamu wa mikoa. Jaramogi akabaki amesimama hana pa kukaa. Mwezi uliofuata alikuwa ameunda KPU. Aliyepanga mkutano ule kwa umakini wote, wajumbe na ajenda, alikuwa katibu mkuu Mboya. Kama umewahi kuona mkutano mkuu wa klabu ambapo katiba inabadilishwa asubuhi na kufika jioni mpinzani wa mwenyekiti hana sifa za kugombea, basi hiyo mbinu unaijua. Kwangu mimi, hiyo Limuru ndiyo doa lake kubwa.

Katikati ya huo ugomvi ndipo Gor Mahia ilizaliwa, 17 Februari 1968, Luo Union na Luo Stars zilipounganishwa. Ikapewa jina la mganga wa hadithi wa Wajaluo, na Mboya hutajwa kati ya wakubwa waliosukuma muungano huo. Timu ikabeba ligi msimu ule ule wa kwanza, ikiipokonya Abaluhya, ambayo sasa ni AFC Leopards. Siasa ilikuwa imewagawanya watu wa Mboya na wa Jaramogi mpaka kwa familia, lakini Jumapili walikuwa wanapiga makofi upande mmoja.

Mwaka huo huo 1968 bungeni kukaletwa marekebisho ya katiba ya nchi. Pendekezo mojawapo lilikuwa mtu asigombee urais kabla afikishe miaka 40. Mboya alikuwa na 37. Haikuhitaji msomi kujua hiyo sheria ilishonwa kwa kipimo cha nani. Baada ya vuta nikuvute ikashushwa hadi 35, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Waliokuwa naye Limuru walikuwa wamejifunza vizuri, na sasa wao ndio walikuwa na kalamu.

Jumamosi, 5 Julai 1969, saa saba hivi mchana, alitoka kwa duka la dawa la Chhani, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alipigwa risasi mlangoni. Alikuwa na miaka 38, na Gor haikuwa imefikisha mwaka mmoja na nusu.

Siku tatu baadaye, kwa misa yake Holy Family, Kenyatta alipofika umati ulirushia gari lake mawe. Polisi wakajibu na vitoa machozi mpaka moshi ukaingia kanisani. Waliokuwa wakilia hapo nje wengi walikuwa wafuasi wa Jaramogi, wale ambao Mboya aliwafungia mlango Limuru. Maiti ilisafirishwa kwa barabara hadi Rusinga, na kila mji watu walisimama kando wakingoja. Oktoba mwaka huo Kenyatta alienda Kisumu kufungua hospitali, wakarushiana maneno na Jaramogi hadharani, walinzi wakafyatua risasi kwa umati na watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Kijana mmoja, Nahashon Njenga Njoroge, alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa Novemba. Inasemekana alipokamatwa aliwauliza makarao kwa nini wanamshika yeye na kumwacha yule mkubwa. Mkubwa huyo hakuwahi kutajwa kortini. Sanamu ya Moi Avenue ilizinduliwa 2011, miaka 42 baadaye, hatua chache kutoka pale alipoanguka.