Willie Mosconi: bingwa wa biyari aliyeanza na viazi, na meza inayobishaniwa hadi leo

LUBUDI (Lualaba) – Mtu anayecheza biyari hapa Lubudi anajua kwamba meza hazifanani. Kuna inayoinama kidogo upande wa mlango, kuna ambayo kitambaa chake kimechanika na kushonwa, na wakati wa kiangazi vumbi linaingia hadi ndani ya mashimo. Anayecheza kila jioni kwenye meza hiyo anaijua kama njia ya kwenda nyumbani. Mgeni aliyeshuka kwenye treni anapoteza feza yake kabla hajajua mpira unapindia wapi.

Ndiyo maana mabishano hayaishi: anayeshinda ni mchezaji ao ni meza? Na kwa nini mtu anayepiga vizuri mchana kutwa anatetemeka mkono pale feza inapowekwa juu ya meza? Maswali hayo mawili yalimfuata maisha yote Mmarekani Willie Mosconi, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 15 kati ya mwaka 1941 na 1957. Wengi wanamhesabu kuwa mkubwa kuliko wote waliowahi kushika fimbo ya biyari.

Viazi na mpini wa ufagio

Mosconi alizaliwa tarehe 27 mwezi wa sita 1913 huko Philadelphia, katika jamaa yenye asili ya Italia. Baba yake, Joseph, alikuwa bondia wa zamani na alikuwa na ukumbi wa biyari. Lakini hakutaka mwana wake awe mchezaji. Alitaka aingie kwenye dansi ya majukwaani, kazi iliyowapa ndugu zao wengine jina na mkate. Kwa hiyo alimkataza mtoto kugusa meza na kumfichia vifaa.

Mtoto hakukubali. Alichukua viazi vidogo vya mviringo jikoni kwa mama yake, akatafuta mpini wa ufagio, na usiku wenye nyumba wakiwa wamelala alikuwa akicheza peke yake. Kiazi hakibingiriki sawasawa. Kila kimoja kina kilema chake. Hakuna meza mbaya kuliko hiyo, na hapo ndipo mkono wake ulipozoea kupiga.

Baba alipogundua, hasira iligeuka kuwa hesabu. Akaanza kumwonyesha mtoto mbele ya watu, na watu walilipa kuja kumtazama. Akiwa na umri wa miaka kama 6 hivi, Willie alikutanishwa na Ralph Greenleaf, kijana aliyekuwa akipanda kuelekea ubingwa. Mtoto alikuwa mfupi hata ikabidi asimame juu ya sanduku ili aifikie meza. Alishindwa, lakini jina lake lilienea. Baada ya muda si mrefu alichoka na maonyesho hayo, akaacha fimbo.

Njaa ndiyo iliyomrudisha

Alirudi mezani kwa sababu ya shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulianguka, kazi zikakosekana, na nyumbani kwao kulikuwa na wagonjwa wa kutunza. Kijana Mosconi aliingia kwenye mashindano ili alete chakula. Tangu siku hizo biyari kwake ikawa kazi, kama vile mwingine anavyoingia kiwandani ao shimoni. Mchezo uliopotea ulikuwa mshahara uliopotea. Waliomfahamu walimwona mtu asiyecheka mezani, anayecheza haraka sana, na anayechukia kushindwa kuliko anavyofurahia ushindi.

Mwaka 1933 kampuni ya Brunswick, watengenezaji wa meza za biyari, ilimwajiri. Ilimtuma kuzunguka Marekani pamoja na yule yule Greenleaf, ambaye sasa alikuwa bingwa mwenye sifa kubwa. Katika safari hiyo walicheza mara 107. Greenleaf alishinda mara 57, Mosconi mara 50. Kwa kijana wa miaka 20 hayo hayakuwa matokeo ya kuonea haya.

Safari ile ilimfundisha mambo mawili. La kwanza ni meza. Leo mji huu, kesho mji ule, na kila ukumbi una meza yake. Kitambaa kipya na kikavu kinauacha mpira uende mbali. Kilichokula unyevu kinauchosha mapema. Mipira ikichafuka inashikana inapogongana na kwenda njia isiyotarajiwa. Mpira wa pembeni mwa meza ukizeeka, haurudishi kwa nguvu ile ile. Jiwe lililo chini ya kitambaa lisipolala sawasawa, pigo la polepole linapinda mwishoni, hapo hapo mbele ya shimo. Ndiyo maana katika mashindano makubwa ya biyari isiyo na mashimo meza zinapashwa moto kwa chini, ili unyevu utoke.

Mchezaji wa maonyesho hakuwa na nafasi ya kulalamika. Watu walikuwa wamekwisha kuketi. Ilimpasa ajifunze meza kwa mapigo machache ya kwanza, kisha acheze kama aliyezaliwa hapo.

Jambo la pili ni mzigo wa jina. Greenleaf alikuwa na kipawa kikubwa, alivaa vizuri, watu walimpenda. Lakini pombe ilimshinda. Kuna siku alikuwa hashikiki, na kuna siku hakuweza hata kufika mezani. Alikufa mwaka 1950 akiwa na miaka 50. Mosconi alikuwa amemwona kwa karibu na akachagua njia nyingine: suti safi, viatu vilivyong'aa, kazi, kisha nyumbani.

Usiku wa mipira 526

Mchezo uliompa ubingwa ni ule ambamo mchezaji anataja kwanza mpira na shimo, kisha anapiga. Kila mpira una pointi moja. Ikibaki mmoja mezani, ile 14 inapangwa tena na mtu anaendelea hadi akose. Mchezaji mzuri wa kawaida akifikisha 50 bila kukosa anaweza kwenda kulala akiwa na furaha.

Tarehe 19 mwezi wa tatu 1954, Mosconi alikuwa Springfield, jimbo la Ohio, kwa maonyesho katika ukumbi wa East High. Mchezo ulikuwa wa pointi 200. Akazifikisha bila kukosa, na kwa kuwa alikuwa bado anaingiza, akaendelea. Ikapita 300, ikapita 400. Baada ya muda wa saa mbili na dakika kama kumi alikosa mpira mmoja mgumu. Hesabu ilisimama kwenye 526. Watu waliokuwa ukumbini walitia sahihi kwenye karatasi ya ushahidi, maana walijua kwamba wengine hawataamini.

Mabishano yalianza na hayajaisha. Meza ya Springfield ilikuwa ya futi 8. Meza ya ubingwa wakati huo ilikuwa ya futi 9, na miaka michache kabla yake ilikuwa hata ya futi 10. Wasiomkubali wanasema: meza fupi, pigo fupi, kosa dogo. Ni kweli kwamba mpira ukisafiri njia ndefu, kosa la unywele mmoja mwanzoni linakuwa kubwa mbele ya shimo.

Lakini meza ndogo nayo ina taabu yake. Mipira 15 ni ile ile na ukubwa wake ni ule ule, ila nafasi imepungua. Mipira inasongamana, njia zinazibwa, na ule mweupe unakosa pa kusimama. Aliyezoea meza kubwa anaweza kushinda kila pigo na bado akajifunga mwenyewe. Tena Mosconi hakuichagua meza ile. Aliikuta pale, akaizoea mara moja, na kesho yake akaendelea na safari.

Hesabu hiyo ilikaa miaka 65. Mwaka 2019 ndipo Mmarekani mwingine, John Schmidt, alifikisha 626 huko Monterey, California. Meza yake ilikuwa ya futi 9, kamera ilikuwa inaandika kila pigo, na alikuwa amejaribu kwa miezi mingi. Wachezaji bado wanabishana ni kazi ipi ngumu zaidi: kujaribu kila siku hadi ipatikane, ao kufika ukumbini jioni moja tu na kuifanya.

Wenye shaka juu ya Springfield wanasahau mwaka 1956. Huko Kinston, North Carolina, Mosconi alipambana na Jimmy Moore, mmoja wa wachezaji wakali wa wakati huo, na hayo hayakuwa maonyesho. Katika mchezo mmoja wa pointi 150, Mosconi aliingiza zote 150 kwa zamu moja. Moore aliketi kwenye kiti chake akitazama.

Mwili, sinema na mpinzani wa maneno

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1956, akiwa na miaka 43, damu ilimziba kichwani na upande mmoja wa mwili ukalegea. Ilimbidi ajifunze tena mambo madogo. Alirudi mezani na kushinda tena, lakini miaka ya ubingwa ilikuwa inakwisha.

Sinema ilimpa maisha mengine. Mwaka 1961 ilitoka The Hustler, hadisi ya kijana anayezunguka akicheza biyari kwa feza. Mosconi alikuwa mshauri wake. Alimfundisha mwigizaji Paul Newman kushika fimbo, na baadhi ya mapigo magumu yanayoonekana humo ni ya mikono ya Mosconi mwenyewe.

Hapo kulikuwa na kinyume kidogo. Mosconi alikuwa amepigana miaka mingi kuutoa mchezo huu mikononi mwa matapeli, watu wauone kuwa kazi ya heshima. Sinema iliurudisha kwenye moshi na dau. Juu ya hayo, mchezaji mmoja mwenye maneno mengi, Rudolf Wanderone, alijitangaza kuwa ndiye Minnesota Fats wa sinema ile, akawa maarufu kuliko bingwa. Tarehe 14 mwezi wa pili 1978 wawili hao walikutana New York mbele ya televisheni. Wanderone aliongea, Mosconi aliingiza mipira, na Mosconi akashinda.

Alifariki tarehe 17 mwezi wa tisa 1993, nyumbani kwake Haddon Heights, New Jersey, akiwa na miaka 80. Hesabu yake ya 526 iliendelea kusimama zaidi ya miaka 25 baada ya kifo chake.

Funzo kwa meza za kwetu

Wachezaji wa Lubudi, Kolwezi ao Fungurume hawana haja ya meza ya Marekani ili wafaidike na maisha haya. Kitambaa kinaweza kupigwa brashi kila asubuhi na meza ikafunikwa usiku. Mipira inaweza kupanguswa. Na timazi ya maji ya fundi ujenzi inatosha kuonyesha meza inainama wapi, kipande cha ubao chini ya mguu kikaisawazisha. Mgeni naye anaweza kupewa mapigo machache ya kuijua meza kabla hata franka moja haijawekwa. Vinginevyo anayeshindwa ataendelea kusema kwamba ni meza iliyomshinda, na mara nyingine atakuwa anasema kweli.

Kuhusu mkono unaotetemeka, Mosconi hakuacha siri kubwa. Alicheza dhidi ya njaa kabla ya kucheza dhidi ya watu, na mazoezi yake yalianza na viazi.