Kimathi: Sura Iliyowashinda Walioichapa

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuona ukutani picha ya Al-Kaaba au ya Msikiti wa Mtume, iliyochapwa kwenye karatasi rahisi na kununuliwa kwa pesa kidogo. Kwa hiyo sikushangaa nilipofika Matisi, mtaa wa pembeni mwa mji wa Kitale, nikakuta bango la namna hiyo katika kibanda cha kinyozi. Kilichonivuta ni mtu aliyekuwemo: amelazwa, mikono imetiwa pingu, nywele zimejisokota. Alikuwa Dedan Kimathi. Nilimwuliza kinyozi, ambaye ni Mbukusu, amemtundikia nini mtu wa Nyeri. Akaniambia kuwa alilinunua siku moja na bango la timu ya mpira, na kwamba hajaingia mteja wa kabila lolote asiyemtambua.

Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 huko Nyeri. Mwaka 1940 aliingia jeshi la Mwingereza, lakini hakudumu. Baadaye alifundisha shule, kisha akawa katibu wa chama cha KAU upande wa Ol Kalou. Serikali ilipotangaza hali ya hatari mwezi Oktoba 1952, alishika njia ya msitu wa Nyandarua.

Huko msituni hakutegemea bunduki peke yake. Aliandika barua na kutunza kumbukumbu, na mwaka 1954 yeye na wenzake waliunda baraza wakaliita Bunge la Kenya. Ndugu msomaji, lipime jina hilo. Wengi wao walikuwa Wakikuyu, lakini bunge lao walilipa jina la nchi nzima, nayo nchi yenyewe ilikuwa bado mikononi mwa mgeni. Nasi wa Pwani vita vile havikutupita, maana kambi ya Manyani, kando ya reli ya Mombasa, ilijaa maelfu ya watu waliozuiliwa bila kuhukumiwa.

Tarehe 21 Oktoba 1956 Kimathi alipigwa risasi ya mguu akakamatwa. Akalazwa kwenye machela, akapigwa picha, na serikali ikaichapa katika vikaratasi ikavisambaza, ili waliobaki msituni wakate tamaa. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa katika gereza la Kamiti, akafukiwa humo humo pasipo alama yoyote. Jamaa zake hawakukabidhiwa maiti.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini marufuku ya Mau Mau, iliyowekwa na wakoloni mwaka 1950, haikuondolewa mpaka 2003. Sanamu yake mjini Nairobi ilizinduliwa mwaka 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Muda wote huo watu hawakungoja idhini ya mtu. Picha ya kumdhalilisha waliitwaa, wakaichapa upya, wakaitundika majumbani na vibandani. Pingu walizokusudia wakubwa ziwe aibu, raia walizisoma kuwa heshima.

Hata hivyo, karatasi haimsitiri maiti. Mjane wake, Mukami, aliomba miaka mingi mifupa ya mumewe itafutwe ili azikwe kama wanavyozikwa watu. Alifariki mwaka 2023 bila kuiona siku hiyo. Sura ya Kimathi imeenea nchi nzima. Kilichobaki kuwa deni ni kaburi lake.