Eliezer Ben-Yehuda na Kiebrania cha Nyumbani

Kila Jumapili kanisani twatamka Kiebrania, nasi pengine hatujui. Amina, Haleluya, Hosana: asili yake ni lugha hiyo. Lakini tafuteni, ndugu wasomaji, katika Agano la Kale neno la taulo, au burashi, au gazeti. Halimo. Kwa miaka ipatayo 1,700 Wayahudi walisali kwa Kiebrania na kuandika vitabu kwa Kiebrania, ila mtoto hakukipata kwa mama yake. Marehemu Eliezer Ben-Yehuda ndiye aliyeazimia kukirudisha jikoni.

Alizaliwa mwaka 1858 katika mji mdogo wa Luzhki, uliokuwa chini ya Urusi na sasa umo katika Belarus. Jina lake lilikuwa Eliezer Perlman. Baba yake alifariki yeye akingali mdogo, naye akasomeshwa katika shule za dini, kisha shule ya serikali. Mwaka 1878 alifika Paris kusomea uganga, na huko kifua kikuu kikamshika. Hakikumwacha tena.

Mwaka 1881 alimwoa Dvora Jonas, aliyekuwa amemfundisha Kifaransa, nao wakashuka Yafa na kupanda Yerusalemu. Walipatana kwamba nyumbani mwao kitasemwa Kiebrania tu. Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wa kiume, Ben-Zion.

Hapa sisi tuliolea watoto, wetu na wa watu, twapata shida kumsifu bwana huyu. Wageni wasiojua Kiebrania walipobisha hodi, mtoto alipelekwa kulala asisikie lugha nyingine. Hakuwa na wa kucheza naye. Alifika miaka mitatu na zaidi bila kusema neno, na majirani wakadhani ni bubu. Husimuliwa kwamba siku moja baba alirudi akamkuta Dvora akimwimbia mwanawe wimbo wa Kirusi, akafoka kwa hasira kali, na mtoto kwa hofu akafungua kinywa na kusema. Alisema kwa Kiebrania, ni kweli. Lakini tunamfikiria yule mama, mgonjwa wa kifua naye, aliyekatazwa hata nyimbo za kwao.

Na maneno je? Mtoto ataitaje vitu vya nyumbani? Ben-Yehuda alichukua mizizi ya zamani akaichipusha upya. Neno ni mila, akafanya milon, yaani kamusi. Wakati ni et, akafanya iton, yaani gazeti. Katika mzizi wa kukausha alipata magevet, taulo. Aiskrimu aliiita glida, akichukua neno la kale la Kiaramu la barafu. Penye pengo alikopa kwa Kiarabu, maana lugha hizo ni ndugu. Sisi wa Kiswahili twauona undugu huo kwa kuhesabu tu: sita, saba, tisa tulizotoa Uarabuni, kwa Kiebrania ni shesh, sheva, tesha.

Alifundisha pia shuleni Yerusalemu kwa muda mfupi, Kiebrania kwa Kiebrania, bila kutafsiri, hata afya ikamshinda. Mwalimu yeyote ajua ugumu wa somo la namna hiyo. Kwa maoni yetu, walimu waliofuata njia hiyo katika vijiji vya walowezi walifanya kazi kubwa kuliko yeye, ingawa majina yao hayatajwi sana.

Wayahudi wengi washika dini walichukizwa. Kwao ilikuwa kama mtu achukue kikombe cha Meza ya Bwana akanywee uji. Walimtenga. Mwishoni mwa 1893 makala moja katika gazeti lake ilipelekwa kwa watawala wa Kituruki kana kwamba ni uchochezi, naye akatiwa kifungoni kwa muda.

Dvora alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1891, na muda si mrefu dondakoo likachukua watoto watatu kati ya watano. Ben-Yehuda alimwoa mdogo wa marehemu, akamwita Hemda, naye akawa msaidizi wake mkuu.

Si kila neno lake lilipokewa. Nyanya wengine waliiita agvaniya, jina lenye mzizi wa kutamani, yeye akaliona halina adabu. Nyumbani kwake walisema badura. Watu sokoni hawakumsikiliza, na hata leo nyanya ni agvaniya.

Mwaka 1922 Waingereza, waliokuwa wakitawala Palestina, walikitambua Kiebrania kuwa lugha rasmi pamoja na Kiarabu na Kiingereza. Tarehe 16 Desemba mwaka huo huo Ben-Yehuda alifariki Yerusalemu, umri wake miaka 64, kamusi yake kubwa ingali mezani. Hemda aliiendeleza pamoja na mwanawe Ehud. Naye Hemda alifariki mwaka 1951, na juzuu ya mwisho ikatoka mwaka 1959.