Mwanamalundi: Manju wa Usukuma Aliyejijengea Jina Katika Viwanja vya Ngoma

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Katika Mkoa wa Mwanza na mikoa jirani ya Shinyanga na Simiyu, ni vigumu kumpata mtu mzima ambaye hajawahi kulisikia jina la Mwanamalundi. Wengi humfahamu kwa simulizi moja tu: kwamba alinyoosha kidole kuelekea mti, nao mti ukakauka. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla jina hilo halijawa jina la miujiza, lilikuwa jina la msanii. Igulu Bugomola, kama alivyoitwa kwa jina lake halisi, alikuwa manju wa ngoma.

Masimulizi ya wazee yanamtaja kuwa mtu wa Nera, mojawapo ya tawala za watemi wa Kisukuma katika eneo la Kwimba. Jina la Ng'wana Malundi, ambalo kwa Kiswahili limezoeleka kuwa Mwanamalundi, linahusishwa na urefu wa miguu yake, sifa isiyo ndogo kwa mcheza ngoma. Ujana wake uliangukia zama za utawala wa Wajerumani, ambao walikuwa wameweka kituo chao Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mwanzoni mwa miaka ya 1890.

Ili kuelewa namna alivyopata umaarufu, ni muhimu kuifahamu ngoma ya Usukuma. Katikati ya karne ya 19, waganga wawili waliokuwa mahasimu katika fani, Ngika na Gumha, waliacha nyuma yao vyama viwili vya ngoma: Bagika na Bagalu. Tangu hapo ngoma imekuwa mashindano. Kila mwaka baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, wakati maghala yakiwa na nafaka na watu wakiwa na nafasi, vikundi vya pande hizo mbili hukutana uwanjani kupimana nguvu.

Kanuni ya mashindano hayo ni nyepesi kueleza na nzito kuitimiza. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Watazamaji wako huru kwenda huku au kule, na kurudi, kadiri wanavyovutiwa. Ngoma inapofungwa, kikundi kilichozungukwa na umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Kwa hiyo manju hakuweza kuegemea ukoo wake wala ukongwe wake. Alipaswa kuwa na wimbo mpya usiosikika kwingine, wapigaji ngoma wenye nidhamu, mavazi ya kupendeza na jambo la kushtukiza. Wapo waliocheza na nyoka, ufundi wa chama cha Bayeye. Wapo walioonesha nungunungu, mnyama wa chama cha wawindaji. Pamoja na hayo ilikuwapo samba, dawa ya mvuto, iliyoaminika kuwageuza watu miguu waelekee upande wa mwenye nayo.

Katika mazingira hayo, uganga na usanii havikutenganishwa. Manju aliyeshinda alisemwa kuwa na dawa kali, na manju mwenye dawa kali alijaza uwanja hata kabla ngoma haijalia. Hivyo ndivyo jina la Mwanamalundi lilivyokua. Hapakuwa na redio wala gazeti la kumtangaza. Habari zake zilibebwa na wapagazi, wachunga ng'ombe na watu waliokwenda minadani na kwenye kilimo cha pamoja. Kila simulizi ya mti uliokauka ilimtangulia katika kijiji ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajafika, na siku alipofika, watu walikuwa wamekwisha kusubiri.

Umaarufu huo ulikuwa na gharama yake. Baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo vilichochewa na mganga Kinjikitile Ngwale na dawa yake ya maji, utawala wa Wajerumani haukuweza kumtazama kwa utulivu mganga mwingine anayekusanya watu wengi kwa neno lake. Kwa mujibu wa masimulizi, Mwanamalundi alikamatwa na kutiwa kifungoni. Umati ule ule uliompa jina ndio uliomfanya aonekane hatari, ingawa umati huo ulikuja kucheza.

Wajerumani waliondoka Mwanza mwezi Julai 1916, mji ulipotekwa na majeshi ya Uingereza. Mwanamalundi aliwaishi baada yao kwa miaka 20, akafariki dunia mwaka 1936. Simulizi zake hazikufa naye. Ziliendelea kukua, hadi kidole chake kikakumbukwa zaidi kuliko nyimbo zake.

Hapo ndipo maisha yake yanapogusa wasanii wa leo. Manju wa zama zake alijitangaza mwenyewe kwa juhudi kubwa, lakini kazi yake ilihifadhiwa vinywani mwa watu tu. Wimbo mzuri uliweza kuchukuliwa na mwingine msimu uliofuata, na mtunzi akasahaulika. Sasa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi kuwa mmiliki wa kazi yake, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ipo kwa ajili hiyo. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) nalo husajili wasanii na vikundi, vikiwemo vya ngoma za asili. Msanii anayehangaikia jina bila kuihifadhi kazi anaweza kubaki na jina tupu.

Wanaotaka kuiona sanaa iliyomlea Mwanamalundi wanaweza kufika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, kandokando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Makumbusho hayo yalianzishwa na Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Kila mwaka, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi ambayo kwa kawaida huangukia mwezi Juni, Bagika na Bagalu hukutana hapo katika tamasha la Bulabo. Vipaza sauti vipo siku hizi, na simu za kupigia picha zipo. Lakini mtazamaji angali huru kuhama upande, na mcheza ngoma analijua hilo tangu ngoma ya kwanza inapolia.